Makofi ya Fetuao

Fetuao alikuwa nyuma ya pazia la ukumbi wa kanisa, kioo kimeegemezwa kwenye ngoma ya gogo, anajipaka unga mweupe wa kuigizia mzuka juu ya shavu lililovimba. Akapaka mara ya kwanza, alama ikajitokeza. Akapaka mara ya pili, ikajitokeza tena, rangi ya zambarau iliyoiva. Ilikuwa alama ya ufagio wa njiti za mnazi, ule ule unaofagilia uani katika kila nyumba ya Apia, lakini umegeuzwa upande wa kitako ulikofungwa kamba. Na aliyemchapa nao hakuwa mume wala mlevi wa njiani. Alikuwa Pesamino, mdogo wake wa kiume, tumbo moja, ambaye Fetuao alimbeba kiunoni tangu akiwa bado anajikojolea.

Jamani! Kaka amemchapa dada! Kwetu dada haguswi, basi, mambo yamekwisha. Hilo ndilo agano, halikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuomba liandikwe. Anayemgusa dada wa mtu amejitakia panga, na wa kulishika hilo panga ni kaka mtu. Sasa kaka mwenyewe akigusa, panga ashike nani? Hilo swali Fetuao alilala nalo wiki nzima na kuamka nalo, na hakuwa na wa kumuuliza.

Yote yalianza Jumapili, baada ya chakula. Walikuwa wamekula magimbi na samaki wa tui, wamelegea mikekani. Pesamino alikuwa amevuka na meli kutoka kisiwa cha pili, Savai'i, kuja kuwasalimia. Miezi michache nyuma wazee walimvika jina la ukoo, akawa Maluvai, mkuu wa nyumba yao, na tangu hapo alitembea kama mtu aliyemeza mwiko. Alijichokonoa meno, akasema kama anayeomba maji:

"Lole naondoka naye. Eseta atamlea. Wewe endelea na koniseti zako."

Eseta ni mkewe, na koniseti ni michezo yetu ya jukwaani ya nyimbo na vichekesho. Miaka yote hiyo ya ndoa hawakubahatika mtoto. Na Lole ni binti ya Fetuao, wa miaka minne, mtoto pekee, mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Baba yake alikwenda Niu Sila, ng'ambo ya bahari, kuchuma tufaha. Msimu wa tufaha umeisha mara nyingi, yeye anachuma tu.

"Lole si mkungu wa ndizi, kaka, uje useme naondoka nao."

"Mtoto analala ndani ya kapu la nguo za mchezo! Ananyonya kidole huku wanaume wazima wanafanya mazoezi ya matusi! Unajua jana kaniuliza nini? Eti mjomba, mkeo anakukuna wapi? Ndiyo malezi hayo?"

"Huo ni wimbo," Fetuao alisema. "Wa sehemu ya pili."

Halafu akacheka. Haki ya Mungu, hakukusudia. Kicheko kilimtoka kwa sababu alimwona Lole akilini, amesimama mbele ya yule bwana mkubwa mpya, kamwuliza vile bila hata kutabasamu. Lakini Pesamino alikuwa na jina lake la miezi michache, na aliona kimechekwa cheo, si wimbo. Ufagio ulikuwa ukutani. Pigo la kwanza lilimpata Fetuao begani, la pili shavuni, na Lole aliyaona yote mawili, ndizi ikiwa imekwama mdomoni.

 Pesamino aliutupa ufagio kama umemuunguza. Badala ya kuomba radhi, akapanda juu zaidi, kama wafanyavyo wanaume wakiogopa.

"Jumamosi baada ya mchezo wenu namchukua. Jumatatu tunapanda meli. Hutaki, hama kwenye ardhi ya ukoo. Na ukinisema nje, umejisema mwenyewe."

Hapo alikuwa amempata. Mtoto kulelewa na mjomba si ajabu kwetu, Fetuao mwenyewe alilelewa na shangazi. Akienda kulalamika kwa wazee wataguna tu, watamwambia Lole haendi mbali. Silaha aliyokuwa nayo ilikuwa moja, aseme, "Huyu amenipiga." Na hiyo haiinuki. Dada hamvui nguo kaka yake mbele za watu, maana akimvua yeye amejivua mwenyewe, na wazazi wao kaburini nao wamevuliwa. Kwa hiyo wiki nzima aliwaambia watu kwamba ameteleza kwenye ngazi za bwawa la kuogea. Alilia usiku, akifunika mdomo kwa kanga ya mtoto, kwa hasira zaidi kuliko maumivu.

Basi ndiye huyo, anapaka unga mara ya tatu. Lole alikuwa miguuni pake, anachimba bakuli la unga kwa mikono yote.

"Lole, acha."

Lole hakuacha. Bakuli likapinduka. Fetuao akamchapa paja, pa!

"Moja!" Lole akapiga kelele, kwa furaha kabisa.

Wacheza ngoma wakaangua kicheko, na Fetuao naye akacheka, akamfuta. Ndivyo tunavyolea, kila mama ana kofi lake karibu, na Lole alikuwa ameshajua kwamba kofi likipigwa lazima lihesabiwe. Aliyajua hayo kwenye wimbo wa mama yake.

Maana wimbo uliompa Fetuao jina visiwa vyote viwili ni Wimbo wa Makofi. Mume mlevi anarudi nyumbani, anamzaba mkewe kofi, na waimbaji wote wanajibu kwa sauti moja, "Moja!" Anazaba la pili, "Mbili!" La tatu mke anaanguka, anakufa, anafunikwa shuka. Hapo ngoma inanyamaza. Halafu anainuka akiwa mzuka, na ole wake aliyemo ukumbini, kwa sababu mzuka wa koniseti hana adabu na hadaiwi adabu. Humtukana mchungaji, humtukana mkuu wa ukoo, humtaja mwenye kuiba kuku kwa jina lake na jina la kuku, watu wakajishika mbavu. Kesho yake hakuna anayemgusa aliyejipaka unga, wala kumuuliza. Aliyesema ni mzuka.

Hakuna aliyemfikia Fetuao kwa mzuka. Aliimba akiwa na mimba ya Lole ya mwezi wa mwisho, ikabidi mke wa kwenye wimbo afe akiwa amekaa. Aliimba Lole akiwa na majuma machache, na maziwa yakaloanisha vazi jeupe kifuani mbele za watu, bibi mmoja akalia akisema hata wafu wana uchungu wa watoto. Walimwambia achague, jukwaa au mtoto. Alichagua kapu kubwa la nguo, akamtandikia Lole ndani yake.

Iosua alikuja akainama karibu na kioo. Huyu ndiye mume mlevi wa kwenye wimbo. Mtu mkubwa kama mlango, mwoka mikate, mpole hata anawaomba radhi kuku akipita kati yao. Kofi lake lilikuwa la uongo. Yeye alikata hewa kwa mkono wake mpana, na Fetuao akageuza kichwa huku anapiga viganja vyake mwenyewe chini, usawa wa nyonga, pasipoonekana. Watu waliapa wameona shavu likitikisika.

"Fetu, hii si ya ngazi," Iosua alisema, akitazama shavu.

"Nimeteleza."

"Umetelezea mkono wa nani?"

Fetuao akajitia kutafuta kitana.

"Leo tuache makofi," Iosua akasema. "Nitakusukuma tu, unaanguka, basi."

"Bila makofi wimbo unasimama na mguu gani? Piga kama siku zote. Shavu ni langu, wewe mwenye mikate unalilia nini?"

"Haya, mke wangu mkali. Lakini ukinifia kweli nani atanifulia?"

Walicheka tena. Walikuwa watu wa kucheka, hao. Fetuao alimwangalia Lole aliyekwishajikunja ndani ya kapu, akawaza kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho kapu lile kuwa na mtu. Akasimama upesi ili asifikirie.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia, maana liliingia kupitia jina.

Kabla pazia halijavutwa, Mzee Sepulona, mwenye kundi, hutoka mbele na kuwaita kaka wa waigizaji wa kike, mmoja mmoja, watoke nje wakanywe madafu hadi mchezo uishe. Kaka hakai akatazama dada yake akikumbatiwa na kutukanwa na kuzabwa, hata kama ni mchezo. Kila mtu analijua hilo. Siku hiyo Mzee Sepulona aliita kama alivyoita miaka yote:

"Pesamino! Kaka yake Fetuao! Kama umo, toka tafadhali!"

Na Pesamino alikuwemo. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na nguzo, amekuja kumsubiri mtoto. Mapajani alikuwa na panga jipya la shambani alilonunua sokoni mchana, bado limezungushiwa gazeti. Alisikia. Lakini Pesamino alikuwa amezikwa siku ile walipomvika jina. Ukimwita mtu jina aliloliacha hujamwita, na tena umemtusi. Mzee Sepulona angesema "Maluvai", mtu angenyanyuka, angekwenda kwenye madafu yake, na hadithi ingekuwa nyingine. Sepulona alikuwa hajapata habari. Akaita mara mbili, hakuna aliyesimama, akasema vizuri, fungueni pazia. Na Pesamino akabaki pale, amekunja uso, masikio yanawaka.

La pili ni hili. Tangu ujana wake, kila dada yake alipoimba, yeye alikuwa nje na dafu. Wote ukumbini walikuwa wameuona Wimbo wa Makofi hadi kuchoka. Yeye peke yake hakuwahi kuuona hata siku moja.

Mwanga wa alasiri uliingia madirishani, watoto wamening'inia humo kama popo. Fetuao akatoka, akaimba ubeti wa kwanza, na ukumbi ukatulia wenyewe. Hapo juu hakuwa na shavu, hakuwa na Jumatatu. Kisha Iosua akaingia akipepesuka, watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Chakula kiko wapi, mwanamke?"

"Kiko pale ulikokunywea!"

Iosua akainua mkono, akakata hewa. Pa!

"Moja!" wakajibu waimbaji.

Kule nyuma mtu akasimama. Waliokaa karibu naye walimvuta shati akae, anawaziba.

Pa!

"Mbili!"

Pesamino alikuja akikanyaga mapaja ya watu. Gazeti lilianguka njiani, panga likametameta, na watu, Mungu awasamehe, wakapasuka kwa vicheko. Walidhani Mzee Sepulona ametunga kitu kipya. Wengine walimpisha, wakamsukuma mgongoni, "Nenda, nenda, kamwonyeshe!" Hata Iosua alidhani hivyo. Alimwona shemeji mwenye panga akipanda jukwaani, akafungua mikono yake mipana, akaongeza la kwake palepale:

"Karibu shemeji! Hilo panga la nazi, mbona nazi hujaleta?"

Panga lilimwingia begani, karibu na shingo.

"Tatu!" wakajibu waimbaji, kwa sauti moja, kama walivyofundishwa.

Iosua hakulia. Alikaa chini polepole, akatazama mkono wake uliokuwa unaning'inia, na damu ikamruka kwenye vazi jeupe la Fetuao, kifuani mpaka chini. Watu waliendelea kucheka. Bibi mmoja alikuja mbele akicheza, kama tufanyavyo tukifurahi, akatupa noti yake jukwaani. Noti ilitua kwenye damu ikaloa. Bibi aliitazama. Yowe alilopiga ndilo lililowazindua wote.

Weee! Ukumbi uligeuka. Wanawake walinyakua watoto madirishani. Ndugu zake Iosua, wanaume watatu wenye mikono ya kukandia unga, walishainua mabenchi juu ya vichwa, wanakuja. Mmoja alimpiga mtu asiyehusika akaanguka, ndugu wa huyo naye akarudisha, na katikati pakawa ngumi na meno na mikeka inachanika. Jukwaani Pesamino alikuwa ameinua panga mara ya pili, anapiga kelele huku mate yanamruka:

"Nani kakutuma kumgusa dada yangu? Dada yangu! Nani kakutuma?"

Fetuao alikuwa ameganda hadi aliposikia neno hilo. Dada yangu! Likampanda kichwani kama pombe kali. Hakuogopa hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomwogopesha. Nyuma ya pazia, hatua chache, Lole alikuwa ndani ya kapu. Mbele yake mtu asiye na kosa alikuwa anavuja damu kwa ajili ya shavu ambalo hakuligusa. Na aliyeligusa ndiye huyo anayelilipia kisasi! Fetuao aliingia katikati, panga likiwa juu, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya puani, ndefu, ya baridi, ambayo kila mtu mle ndani aliijua.

"Ma-lu-va-i!"

Alikuwa wa kwanza kumwita jina lake siku ile. Panga likasita. Mabenchi nayo yakasita, kwa sababu mzuka amesimama, na mzuka akisimama watu hunyamaza, ni mazoea ya mwili.

"Maluvai wa Savai'i, wataka kumjua aliyempiga dada yako?"

"Ni huyu! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Umeona nini, kipofu wewe? Huyu kapiga hewa. Dada yako kapiga viganja vyake." Akashusha mikono nyongani, akapiga. Pa! "Umesikia? Hilo ndilo kofi la Iosua. Sasa njoo nikuonyeshe la mwenzake."

Akashika upindo wa vazi, akautemea mate, akajifuta shavu. Unga ulitoka. Alama ikabaki, zambarau na nyeusi, na mistari ya njiti ndani yake. Hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakuutambua ufagio.

"Hili si la hewa. Jumapili baada ya chakula nani alikuwa ameshika ufagio, Maluvai? Kwa mkono upi?"

Pesamino alilishusha panga mpaka usawa wa goti.

"Kwa sababu gani? Kwa sababu dada alicheka! Na unamtaka mtoto wake ukamlee! Utamlea kwa mkono upi, huo?" Sauti ilipanda, na Fetuao hakuwa tena na uwezo wa kuishusha. "Anayemgusa dada yako unamkata. Si umeapa? Panga unalo. Mkono unao. Kata basi, tuone kama agano lako ni la kweli au ni koniseti!"

Alichotaka ni aibu. Alitaka panga lianguke, mtu ainamishe kichwa, aondoke, amwache Lole. Hicho tu, haki ya Mungu.

Pesamino alitazama mkono wake wa kulia kama ameuokota njiani. Akalihamishia panga mkono wa kushoto. Wakati huo wacheza ngoma walikuwa wamekwishakimbia, na ngoma ya gogo ilikuwa imeburutwa mpaka pembeni mwa jukwaa. Alipiga magoti, akaulaza mkono wa kulia juu ya gogo, vidole vimetanuka.

"Mino!" Fetuao akapiga ukelele kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya kumwita mtoto aliyesogelea bahari. "Mino, usifanye!"

Lakini hilo lilikuwa jina la utotoni, hakuliitikia tena.

Gogo lililia mara moja, sauti nene, ikazunguka paa lote. Vidole viwili vilibaki juu yake na mtu akaanguka ubavuni, ameuma meno, hakutoa sauti. Na katika kimya kile, kutoka ndani ya kapu, kichwa cha mtoto kilichovurugika nywele kikachomoza pembeni mwa pazia.

"Nne!" Lole akasema.

Fetuao alilichana vazi la mzuka vipandevipande. Nusu alimfunga Iosua, nusu alimfunga mdogo wake, na mikono yake iliteleza kwa sababu damu zilikuwa mbili na hakuweza tena kuzitofautisha. Alikuwa analia kwa sauti, anamtukana Pesamino matusi ambayo hata mzuka hayajui, huku anamkaza fundo. Ndugu zake Iosua walisimama na mabenchi yao. Wakayaweka chini. Mtu ameshajikata mwenyewe, utampiga wapi? Wakawabeba wote wawili, wakawalaza nyuma ya pikapu moja ya mikate, bega kwa bega, kuelekea hospitali. Njiani Iosua, midomo imekuwa kijivu, aligeuza kichwa.

"Shemeji," alisema kwa shida, "hata nazi moja?"

Pesamino ndipo alipolia, kwa sauti, kama ng'ombe, hadi wakafika.

Iosua alipona. Mkono wake siku hizi haupandi juu ya bega, na mikate yake anakandiwa na wadogo zake. Alfajiri moja ukoo mzima wa Fetuao ulikwenda kupiga magoti mbele ya nyumba yake, umejifunika mkeka wa heshima, kama ipasavyo damu ikimwagika. Fetuao alipiga magoti nao, chini ya mkeka, akihesabiwa mwenye kosa pamoja na kaka yake, na hakubisha. Iosua alitoka mwenyewe akauinua mkeka kwa mkono mmoja, ndiyo kusamehe huko.

Jumatatu meli iliondoka bila Lole. Siku hiyo hiyo alifika Eseta kumwuguza mumewe. Akapitia nyumbani kwa Fetuao, akasimama mlangoni na kifurushi cha gauni dogo alilolishona mwenyewe, hajui aliweke wapi.

"Sikuja kumchukua," alisema. "Amesema mtoto abaki na mama yake. Nimekuja kumwona tu."

Fetuao alimkaribisha. Alikuwa ameshinda, kila mtu alimwambia hivyo, na akajisikia kama mtu aliyekula chakula cha mwingine. Alimvalisha Lole lile gauni. Lilikuwa kubwa, Eseta alikuwa amelikatia mtoto wa kukaa naye miaka.

Koniseti hazikufa. Baada ya kitambo Mzee Sepulona alikuja kumwomba arudi, ila aufute Wimbo wa Makofi, atunge mwingine. Fetuao alirudi, kwa sababu kazi nyingine hana na sauti haimruhusu kukaa. Siku moja alirejea nyumbani kutoka mazoezini, miguu inawaka moto, koo limekauka, amekwishagombana na kila mtu. Akamkuta Lole barazani. Mtoto amemwaga unga wote wa mzuka, bakuli zima, mkekani, kwenye gauni la Eseta, kwenye nywele. Amejipaka uso mpaka kope. Mbele yake kuna kifuu cha nazi, anakizaba.

"Moja! Mbili!"

Kitu kilimkatika Fetuao. Ufagio ulikuwa palepale ukutani, haukuwahi kwenda popote. Aliuchukua, mkono wenyewe ukaugeuza upande wa kitako, akauinua.

Lole hakukimbia. Alimtazama mama yake kwa makini, uso mweupe tupu. Kisha akaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kizingiti, akatanua vidole vizuri.

"Mama," akauliza, "ni wewe au ni mzuka?"

Fetuao akainua macho. Ufagio ulikuwa bado juu. Aliuona mkono wake ulioushika, akauona ni ule ule wa Pesamino, kucha zile zile za mama yao. Akaushusha. Akakaa chini katikati ya unga, akauchukua ule mkono mdogo kutoka kwenye jiwe, akavikunja vidole kimoja kimoja, vyote vitano, mpaka vikawa ndani ya kiganja chake.

"Ni mimi," alisema. "Hakuna mzuka hapa. Aliyeinua ni mimi."

Lole akafikiri kidogo, akamfuta machozi kwa mkono wenye unga. Uani hapakufagiliwa siku ile, wala ya pili yake.